Hisa Zilizozaa

Jumatatu, 3 Juni
Gawio la kiwanda cha sabuni limeingia. Linapitia simu ya mkamwana, mke wa mwanangu, maana yangu haina hata kioo. Kaniletea pesa mkononi. Nusu! Nusu ya mwaka jana! Tangu marehemu mume wangu aniachie hisa zile, kiwanda hakijaruka mwaka. Hata ghala lilipoungua tulipata kilekile. Nikamtazama. Akasema, Mama, ndizo zilizoingia. Haya. Kikulacho ki nguoni mwako — na huyu ni fundi cherehani!

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwita mwizi. Barazani, mbele ya wateja wake. Ulimi wangu hauna breki, najijua. Nikasema, mnampa vitambaa huyu, hesabuni mita zenu! Mmoja akachukua gauni lake likiwa na mkono mmoja. Wengine wakamfuata. Mkamwana alikata uzi kwa meno, akafunika cherehani. Jioni kaenda kwao, na cherehani kaichukua. Mwanangu akaniuliza kama sasa nimeridhika. Nikamwambia ale, alale. Hakula.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda ofisini kwa dalali wa hisa kutafuta ushahidi. Mwanamke wa miwani akaniuliza, Bibi, si ulipata taarifa kwamba kila hisa imegawanywa kuwa mbili? Nilipata! Mia mbili zikawa mia nne. Nikajiona mfugaji — hisa zimezaa. Nikauza ndama mia mbili, nikabaki na mama zao. Magodoro ya wajukuu yalitoka humo. Sikumwambia mtu. Ndama wangu, nimuulize nani?

Akacheka, kisha akaacha. Bibi, ukikata blanketi vipande viwili, una mablanketi mawili? Nikamjibu, nina baridi mara mbili. Ndiyo hivyo, akasema. Hisa ziliongezeka maradufu, basi gawio la kila moja likashuka nusu. Ungebaki na zote ungepata kilekile. Uliuza nusu ya blanketi.

Mkamwana hakuniibia hata senti. Niliuza mwenyewe, nikatia sahihi kwa herufi ambazo yeye ndiye aliyenifundisha, mimi ambaye darasa sikuliona hata dirishani.

Jumanne, 11 Juni
Aibu. Nimelala nimeugeukia ukuta. Wajukuu wanaruka juu ya magodoro, wanauliza mama yao anarudi lini. Nikawafokea. Kisha nikawakumbatia wote kwa mpigo mpaka wakalalamika hawapumui.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemwambia mwanangu ukweli wote. Akasema nimpigie simu mkewe yaishe. Simu! Nimemtukana hadharani, nimwombe radhi chooni?

Jumamosi, 15 Juni
Niko barazani kwa wakwe wa mwanangu. Naandikia gotini. Mama yake mkamwana kanipa kigoda, maji hakunipa. Ana haki. Mkamwana anashona karibu na dirisha, hanitazami. Nikamwambia, mwanangu, mwizi ni mimi, nimejiibia kwa ujinga wangu, kisha nikakupaka wewe matope. Akasimamisha cherehani. Akasema, wale wa siku ile hawapo hapa, Mama.

Nikasema nitawafuata nyumba kwa nyumba. Utawafuata, akasema, ila hata wa huku wameshasikia naitwa mwizi. Anza na wateja wanaokuja hapa.

Basi. Kaja wa kwanza, nikasimama, nikamweleza yote, ndama na blanketi. Alicheka mpaka akaketi chini. Mkamwana hakucheka. Kaja wa pili — nikajifanya nimesinzia. Sauti ikatoka dirishani: Mama, huyu hajasikia.

Nikasimama tena. Huyu hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama choo kilichoziba. Afadhali yule aliyecheka.

Magoti yanauma. Sijaambiwa niondoke, sijaambiwa niingie. Sasa kuna mwanamke anavuka barabara, kitambaa cha bluu begani. Cherehani imeshanyamaza.