Salumu Avaa Kofia

Jumanne, 5 Agosti 1997
Zuhura ameanza kuchora watu. Amesema hivyo Neema, mtaalamu wa tiba kwa sanaa, kliniki ya Temeke. Kabla ya leo mdogo wangu alichora kuta tu. Anavaa kofia ya kompyuta waliyoleta wageni, inamziba macho, anachora hewani kwa mkono uliovunjika. Picha inamzunguka kama chumba. Sisi tunaiona kwenye skrini. Leo mwanamke jikoni, ametupa kisogo. Ni yeye mwenyewe.

Mkono aliuvunja Salumu, mumewe. Namchukia.

Alhamisi, 7 Agosti
Kikao cha ukoo, Buguruni. Mzee Hemedi, baba mdogo wa Salumu: "Kijana wetu hana mkono wa kupiga. Bibie aliteleza bafuni." Wazee wenzake wakaitikia. Wanataka Zuhura arudi kwa mumewe Jumatatu. Shahidi hakuna. Nimeandika habari za mahakamani gazetini miaka mingi. Najua maana yake.

Salumu anauza redio na video. Kitu kipya hakimpiti. Akaulizia ile kofia ya kliniki. Nikamwambia, shemeji, njoo ujaribu, waje na wazee.

Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti
Picha ni ya Zuhura. Nimemuuliza kama Salumu aingie ndani yake. "Avae. Mie nitakaa nyuma ya wazee."

Jumamosi, 9 Agosti
Kliniki, mbele ya wazee, Salumu amevaa kofia. Alianza kwa mbwembwe: "Shemeji, hii ningeiuza Msasani kwa Wazungu." Akaingia jikoni. Akamwita yule mwanamke. Mchoro haugeuki.

"Mkeo kakugomea, bwana harusi," Mzee Hemedi akamtania. Wazee wakacheka.

Salumu hakucheka. Akasogea, mikono mbele. Sauti ikashuka, ile ya nyumbani. "Zuhura. Geuka nikisema nawe. Unataka niuvunje na wa pili?" Ngumi ikapita hewani.

Kofia imemziba macho, akadhani hatupo. Wazee watatu wako palepale kwenye benchi.

Zuhura akamuuliza Mzee Hemedi, "Baba, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

Salumu akaivua kofia. Nilitaka kuuona uso wake wakati ule. Nimeuona. Nimefurahi, na sioni haya.

Jumatatu, 11 Agosti
Zuhura hakurudi kwake. Amekaanga maandazi, tumekunywa chai. Hatukuyazungumza ya juzi. Adhuhuri Mzee Hemedi alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni. Atatoa ushahidi. Baraza la ndoa linakaa Alhamisi, saa tatu asubuhi.