Tata Mbayo Aliingia Mapema

Manika, Kolwezi
Tarehe 21 Novemba 1993

Mpendwa yaya yangu Mukendi, mukubwa wangu wa tumbo moja,

Moyo wenu kwanza, salamu ya kwetu! Habari ya Mwene-Ditu? Magoti ya mama yanamuuma bado, ao hewa ya kule imemuponya? We na Kabedi na batoto mumepata nyumba, ao mungali mu ile darasa ya shule mulimolala tangu treni ibashushe pale? Mi niko muzima. Soma tena: niko muzima! Na tumbo ni tupu, juu mutoto ametoka, naye ni muzima.

Kolwezi unayoijua imepunguka. Mashine za mugodi zimenyamaza karibu zote, na ku korali, ile kwaya uliyokuwa unaongoza, besi zimebaki mbili tu tangu Bakatanga balipobafukuza nyinyi Bakasai. Batu bengine balikuja kusema mi pia nipande treni, juu ni Mukasai. Bwana yangu Stany, ye Mukatanga wa hapa, akabajibu pale mulangoni: bibi yake akipanda, na ye anapanda. Basi nikabaki, na tumbo kubwa, na woga kubwa kuliko tumbo.

Kumbe mutoto alilala mukingamo. Juma mbili zilizopita balinifikisha ku lopitali, munganga akasema ni kupasua, leo leo. Na dawa ya kulalisha mutu iliisha tangu Pasaka! Ilibaki sindano ya mugongo tu: miguu inakufa, lakini macho wazi, masikio wazi.

Yaya, nikuambie kweli, nilitetemeka mpaka meza ikalia. Bote mule ndani ni Bakatanga, bamefunika sura, visu mu mikono. Nikawaza: kule inje banatufukuza, na humu banipasue nikibaangalia? Tansiyo, presha ya damu, ikapanda. Munganga akasema hawezi kukata mutu anayeruka-ruka vile, na moyo wa mutoto ulikuwa unachoka. Nililia, nikaita mama.

Sasa, aliyenipiga ile sindano ni nani? Tata Mbayo! Ule ule wa besi, uliyekuwa unamupigia kiatu ku benchi kila repetisiyo ya nyimbo. Akanishika kichwa, akainama ku sikio, akaanza kuimba. Kitu gani? Ile wimbo ya Pasaka uliyotufundisha, na mu Tshiluba, luga yetu ya Kasai! Mulango wazi, koridoro imejaa batu, na siku hizi mutu akisikiwa anasema Tshiluba anajitafutia matata. Ye, Mulubakat kamili, Mukatanga wa hapa, akaimba kwa sauti kubwa bila kuangalia nyuma. Nikasikiliza. Mwili ukatulia, na munganga akaanza kazi yake.

Mara, ku mustari wa tatu, akaingia mapema! Palepale pa siku zote! Yaya, tumbo liko wazi, lakini mi nikapiga kelele: "Tata Mbayo, ngojea soprano! Yaya Mukendi alikuambia mara ngapi?"

Bote bakacheka. Munganga mwenyewe aliinua kwanza kisu pembeni, juu mabega yake yalikuwa yanaruka na kicheko. Akasema, "Basi ingia weye, mama." Nikaingia! Niliimba soprano yangu yote, na bamama ba koridoro bakaitika, Bakasai na Bakatanga, ata bale basiojua maneno. Hatukumaliza mustari wa ine, mutoto akalia. Bigelegele pale inje! Nilishinda, yaya. Tulishinda!

Kesho yake nilimuuliza Tata Mbayo kama alikosea makusudi, ili nisahau woga. Aliapa kwa jina la mama yake: hapana, pale panamushinda tu tangu zamani.

Sasa jina. Desturi unaijua, jina ya mutoto wa kwanza inatoka ku batu ba bwana. Stany alienda mpaka Lubudi kumuomba baba yake, na muzee akakubali. Mutoto ni ndoyi yako, amebeba jina lako. Balimufukuza Mukendi hapa na valizi moja ya nguo; Mukendi amerudi Kolwezi, kilo tatu na nusu. Tata Mbayo mwenyewe aliliandika ile jina ku bandeji ya mukono wa mutoto, mu herufi kubwa, na koridoro nzima ikalisoma.

Unisalimie mama, Kabedi, na Falonne wangu, ule mutoto wenu wa mwisho, umwambie sasa ni yaya wa mutu. Mvidi Mukulu, Mungu wetu, abalinde, abapatie nyumba yenye mulango wenu wenyewe.

Mi mudogo wako, mwenye kukupenda na sauti yote,
Bilonda

Ndoyi yako analia kabla ya zamu yake kufika. Tata Mbayo anasema huyu ni besi. Yaya, rudi siku moja umufundishe, juu hapa hakuna anayejua pa kuingia.