Mkanda Hauna Kucha

Jumapili, 1 Septemba

Shingo! Hata kumgeukia Baba Watoto siwezi, nageuka mwili mzima. Jana mimi na Kaka tumepanda kilima cha mazoezi. Shanta langu kilo kumi na nane, nimelipima mwenyewe kwa mizani ya ngozi pale kibandani. Darubini shingoni. Kamba yake nyembamba imepita chini ya mikanda ya shanta, ikanikata kama uzi unavyokata sabuni. Nikiinama, darubini inaning'inia na kugonga mawe. Nikitaka kutua shanta, kamba inanikaba koo. Kaka anacheka: fundi viatu mzima, unashindwa na kamba!

Tumebakiza wiki tatu. Kibali ni cha kulungu dume mmoja, mwenye pembe. Jike haruhusiwi kabisa. Kibali kina majina yetu mawili, na kazi tumegawana tangu marehemu baba, aliyetufundisha wote kulenga, alipotuachia bunduki: Kaka hupiga, mimi huona. Shanta na darubini vyangu, bunduki na hema vyake.

Nitashona kitu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimejaribu kuivaa darubini kimshazari kwa kamba ndefu niliyoishonea, kama mtoto na mfuko wa shule. Nikazunguka uani na shanta zima mgongoni. Darubini inakimbilia kwapani, na kamba inanasa kwenye kila bizimu. Baba Watoto yuko mlangoni na kikombe chake: mama, unahama bila kuaga? Nikamwambia ningekuwa nahama ningeacha shanta nikachukua redio.

Hapana. Nimefumua.

Alhamisi, 5 Septemba

Lastiki mbili pana zinapita mabegani, zinapishana mgongoni kwenye kipande cha ngozi, zinarudi mbele kushika darubini pande zote mbili. Darubini inatulia kifuani, haichezi. Nikiinua machoni, lastiki inafuata. Raha! Nimeruka ruka kibandani peke yangu, mteja akanikuta.

Halafu nikavaa shanta. Ile ngozi imeangukia pale pale shanta linapolalia uti wa mgongo. Nusu saa tu, kama nimebeba kokoto ndani ya shati. Ndiyo kosa letu mafundi viatu, kila kitu lazima kiwe ngozi. Nitaweka kitambaa laini, kisha nikipandishe juu kati ya mabega, ambako shanta haligusi.

Jumamosi, 7 Septemba

Mkanda wa lastiki umekubali! Saa tatu kilimani na Kaka, shingo kimya. Kila alipotaka kuangalia, nilivuta lastiki naye akainamia darubini ikiwa bado kifuani kwangu. Vichwa vinagongana. Tukacheka kama zamani, tulipokuwa tunagombania dirisha moja.

Ila kuna hili la pete. Kwenye jicho la kulia la darubini kuna pete ndogo ya kurekebisha, kwa mtu ambaye macho yake hayalingani. Ina nukta katikati, upande mmoja kujumlisha, upande mwingine kutoa. Yangu hukaa kwenye nukta miaka yote. Leo nimerudi nyumbani nimeikuta imezunguka hadi mwisho, upande wa kutoa. Naangalia, ukungu mtupu.

Lastiki inaisugua, bila shaka.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeshona mfuko wa kifuani, pete isiguswe na kitu. Kifuniko nilikifunga kwanza kwa ile velkro ya kubandika na kubandua. Kraaa! Kulungu wa kilima cha pili angetimua mbio. Nimeng'oa sumaku kwenye mkoba uliosahauliwa kibandani tangu mwaka juzi. Inafunga tik. Hata tik nimeiona nyingi, nimeivika kitambaa.

Jumatano, 11 Septemba

Asubuhi nimemwachia Kaka darubini dukani kwake asafishe vioo. Fundi saa ana brashi ambazo mimi sina. Nimemkuta ameinamia saa ya kike, ile lenzi yake ya kazi ameibana jicho la kushoto. Nikamuuliza tangu lini. La kulia limeomba likizo, kasema. Nikacheka.

Wifi naye alikuwepo, ameleta chai. Kaka yako amezeeka, wifi, siku hizi anaimiminia meza badala ya kikombe! Tumecheka wote watatu. Kaka kacheka kuliko sisi.

Jioni nimeichukua. Vioo vinang'aa. Pete — mwisho kabisa tena! Na leo haijavaliwa na mtu. Basi ni mfuko, unabana ikiingia. Nimeupanua kwa kidole kimoja.

Jumamosi, 14 Septemba

Mazoezi ya mwisho. Nimeongeza ndoano mbili ndogo, nikipenda nainasa darubini kwenye mikanda ya shanta, uzito wote unabebwa na shanta. Tukitaka kunyatia, nafungua ndoano, naacha shanta, darubini inabaki na mimi. Najisifu, hakuna atakayenisifu.

Pete niliifunga kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Niliukata kwa mkasi wa ngozi, ncha nikaibana vizuri.

Nimerudi. Pete mwisho. Utepe upo.

Nimeutazama sana. Umebanduliwa, ukarudishwa mahali pake, ukapapaswa ulale. Ncha imekunjwa kidogo, kama anavyofanya mtu ili kesho aupate kwa urahisi.

Mkanda hauna kucha.

Wiki nzima nimeusingizia mkanda, nimeusingizia mfuko, nimefumua na kushona. Kumbe ni yeye. Kila akiinamia darubini anazungusha pete, anazungusha mpaka inagoma, anatafuta jicho lake. Lenzi kwenye jicho la kushoto. Chai mezani. Na mimi nacheka!

Jumatatu, 16 Septemba

Nina hasira. Hapana, ninaogopa. Jicho hilo ndilo la kazi, na ndilo la kulengea. Akipiga asichokiona? Jike? Mtu anayeokota kuni?

Mficha maradhi — nusu ya pili ya methali siiandiki.

Nimekwenda dukani kwa Kaka na maneno yangu nimeyapanga. Nimemkuta anapiga mluzi. Akaniuliza shingo inaendeleaje. Nikamweleza habari za shingo robo saa nzima, nikaondoka. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 19 Septemba

Tunaondoka kesho. Nimemwambia Baba Watoto kila kitu. Kwa mara ya kwanza hakutania. Mwambie, kaka yako si kikombe, hatavunjika. Halafu akatania kidogo: na akivunjika wewe si fundi?

Nitamwambia njiani. Asipokubali, hapigi, hata kama itabidi niikalie hiyo bunduki.

Nimeongeza matundu mawili kwenye sehemu ya mgongoni inayofungwa kwa bizimu, mkanda uweze kumtosha mtu mwenye kifua kipana. Sijui nimeyatoboa ya nini. Mkono ulitoboa tu.

Ijumaa, 20 Septemba

Saa sita za kupanda. Mkanda hauna kasoro hata moja, sikuukumbuka njia nzima. Na sikusema.

Kaka amejikwaa mara mbili, zote upande wa kulia. Mawe ya siku hizi hayana adabu, kasema. Nimehamia kutembea kulia kwake.

Jumamosi, 21 Septemba

Saa mbili asubuhi. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa penseli.

Wako wawili. Wamelala kwenye majani mafupi, ng'ambo ya korongo. Shanta tumeliacha nyuma kwenye miamba. Kushoto dume, pembe nzuri. Kulia jike. Tunasubiri dume asimame.

Kaka amelaza bunduki mbele yake. Kaninong'oneza: dume ni yule wa kulia, eh?

Alivyouliza ni kama ananipima mimi! Akanyoosha mkono, akafungua sumaku ya mfuko mwenyewe, akavuta darubini ikiwa bado kifuani kwangu. Vichwa vikagusana. Nikasikia ukucha ukibandua utepe, kisha pete inazunguka. Ikagoma. Akaisukuma tena.

Huu mkanda wako umeikaza pete, kasema.

Nikasema: Kaka, mkanda hauna kucha.

Hakuitoa darubini machoni. Pumzi yake iko sikioni kwangu. Nzi akatembea kwenye mkono wake na hakumfukuza. Kisha akasema taratibu, kama anayezungumzia saa ya mteja, kwamba tangu mvua za mwanzo ni kama mtu amepaka samli kwenye kioo. Kwamba alidhani siku moja pete ikizunguka hatua moja zaidi, ataona.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kwa sababu wewe ungeshona kitu, kasema.

Nimelia kidogo. Bila sauti, kwa ajili ya kulungu.

Nikamwambia tukishuka twende hospitali, mimi nitakaa naye kwenye foleni. Amehakikisha kifyatuo cha bunduki kimefungwa, akaisukuma juu ya majani, mtutu ukielekea mbele, mpaka ikagusa kiwiko changu. Halafu akasema: nivalishe hilo dude lako.

Nimemvalisha tukiwa tumelala hivi hivi. Nimelegeza mpaka tundu la mwisho, lile la Alhamisi. Limemtosha. Nimeutoa utepe kabisa, nimerudisha pete kwenye nukta. Amefumba jicho la kulia, anaangalia kwa la kushoto tu. Mwaka wa kumi na tisa huu tunawinda pamoja, na sijawahi kulala upande huu wa bunduki. Kitako chake kina joto la shavu la Kaka.

Anapitisha darubini polepole, bonde zima. Sijui anaona nini. Nimeapa simwambii, na sipigi mpaka yeye aniambie.

Ananong'ona: ameinuka. Wa kushoto, mwenye pembe. Sikio moja limechanika.

Ni wa kushoto. La sikio mimi sikuliona. Naweka penseli