Sauti ya Chini Huingia ya Pili

Jumanne, 8 Mei 1956
Edmond hakuja mazoezini. Miaka kumi na miwili, kila Jumanne baada ya filimbi ya karakana ya reli, tunaimba pamoja ule wimbo wa opera: yeye sauti ya juu, mimi ya chini. Marafiki wawili wanaapa kwamba hata mwanamke hatawatenganisha. Utamu wake uko hapa: kila mmoja huanza peke yake, kisha sauti zinapanda bega kwa bega, hujui tena ipi ni ya nani. Tutauimba Pentekoste, mbele ya watu wote wa reli. Yaani—nilidhani tutauimba.
Germaine, mke wangu, amemwona akielekea Base, ile kambi ya jeshi, kwa baiskeli.

Alhamisi, 10 Mei
Kumbe Base kuna karani kijana, Médard. Ana gramafoni ya umeme! Edmond alinijia macho yanang'aa: "Mukubwa, wimbo yetu haiko vile! Kule iko mbio, iko juu!"
Nilimweleza taratibu. Springi ya gramafoni yangu imechoka; springi ikichoka, sahani ya santuri huzunguka polepole; ikizunguka polepole, sauti hushuka. Tulijifunza wimbo uliolegea.
Sikumweleza kwamba nililijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Kule juu mimi sifiki.

Jumapili, 13 Mei
Baada ya misa Edmond na Médard wakauimba wimbo wetu mlangoni pa kanisa, Médard akiishika sauti yangu ya chini. Edmond alipanda mahali ambapo sijawahi kumpeleka. Kina mama wakapiga vigelegele. Na yule Médard, adabu tele, akaniita kama baba yake: "Tata, miye nitafika kwenu, munifundishe kuvuta pumzi." Nikapiga makofi. Viganja vinaniwasha hadi sasa.
Germaine anacheka: "Baba André, weye unamulilia Edmond sawa bibi mwenye kuachwa!"
Sikula.

Alhamisi, 17 Mei
Siku tatu zimebaki. Wako nje, wote wawili! Baiskeli mbili ukutani. Edmond hakubisha hodi. Ameanza kuimba—polepole, chini, kwa mwendo wa springi yangu. Ameushusha kwa ajili yangu? Au anamwonyesha mwenzake tulivyokuwa tukikosea?
Germaine ananisukuma: "Njo zamu yako! Unaandika nini tena?"
Mstari mmoja umebaki, kisha huingia sauti ya chini. Nawaona kupitia dirisha: Médard ameshavuta pumzi. Na mimi bado nimeshika kalamu—