Gauni la Joyce

Morogoro mjini, 3 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Hujambo na baridi ya huko? Masikio bado yanakusumbua? Huku tu wazima, ila joto linatukomesha. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu tunaishia kupigiana kelele tu. Barua nampa dereva wa gari la ndizi.

Unaikumbuka *Joyce Hakurudi*, ile filamu iliyopigwa hapo Matombo nikiwa darasa la tano? Watu bado wanaihusudu, maana inaisha bila kusema nani alimuua Joyce. Wana hadi kundi lao mtandaoni, kazi yao kubishana. Basi hapa studio ninapofanya kazi nimeokota diski yenye vipande vilivyokatwa, bosi akaniruhusu nivirushe. Nimeanza na cha mazishi ya Joyce, na aliyeigiza mtani ni wewe! Umevaa gauni lake, unamcheka kaburini, unamuuliza kakuachia nani wa kukupikia. Nilicheka hadi machozi.

Watu laki mbili wameshakitazama. Ila wa mbali hawajui utani wetu wa msibani, kwamba mtani huvaa nguo za marehemu ili wafiwa wacheke. Mmoja kaandika: "Muuaji huyu hapa, kavaa nguo za marehemu." Mwingine: "Mtazameni macho." Wamekubatiza Mzee Gauni.

Mwanao,
Josephina


Matombo, 21 Machi 2024

Mwanangu Josephina,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, masikio ndiyo hayo, yamestaafu kabla yangu. Pilipili manga imebeba vizuri, namshukuru Mungu.

Mzee Gauni kapata wageni! Vijana watatu wa lile kundi la filamu wamekuja na pikipiki, wameniletea sukari. Wakanisimamisha kwenye migomba, wakaelekeza simu: "Mzee, ulimuua wewe?" Nikawajibu kimtani: "Ndiyo, nimemuua, na gauni lake nimerithi, na ninyi mkikaa vibaya nitavaa mashati yenu." Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Tangu mama yako afariki sijacheka hivyo, mwanangu.

Baba yako,
Laurenti


Morogoro mjini, 2 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, na safari hii usicheke kwanza.

Wale vijana walirusha maneno yako yote. Lakini kuna watu wameyakata, wakabakiza "Ndiyo, nimemuua" peke yake. Kicheko hakimo, hata jina la filamu halimo. Yanazunguka kwenye simu kama habari ya kweli. Kipande cha mazishi nimekifuta, lakini kimeshanakiliwa kila mahali. Nikaandika kueleza mtani ni nani na kwa nini anavaa nguo za marehemu. Wakanijibu kuwa mtoto wa muuaji lazima amtetee.

Kosa ni langu, baba, na ninaogopa. Usimjibu mgeni yeyote. Wala usimtanie mtu mbele ya simu.

Mwanao,
Josephina


Matombo, 11 Aprili 2024

Mwanangu Josephina,

Tumsifu Yesu Kristu. Nyumbani si kwema sana. Maria, binti wa Yakobo wa ng'ambo ya mto, alipotea Jumapili. Jana wamemkuta, mto ulimpeleka mbali. Miaka kumi na minne tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Jirani yangu Gabrieli naye ananiambia vijana wa kule barabarani wanaonyeshana simu wakiniona. Lakini ukoo wa Yakobo ni watani wetu, na anayeujua utani wa msibani upande wetu nimebaki mimi. Yakobo ndiye aliyevaa kitenge cha mama yako siku ile tunamzika, akaiga mama alivyokuwa akikugombeza. Ulikuwa hujala siku mbili. Ukacheka, ukala. Leo nimwache amzike mwanawe kimya?

Mazishi ni Jumamosi. Nitakwenda.

Baba yako,
Laurenti


Matombo, 29 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi.

Barua yako ilichelewa, barabara ilikatika kwa mvua. Niliipata Jumatatu, na wewe ulishauawa Jumamosi.

Yakobo amenieleza mwenyewe. Ulijifunga khanga ya Maria, ukamuuliza Yakobo kama alitaka kumficha binti asiolewe na wewe. Yakobo akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumapili. Ndipo wale vijana wa barabarani wakakuona na nguo za marehemu mwilini. Mmoja akapaza sauti: "Si yule aliyekiri kwenye simu!" Yakobo alipiga kelele kuwa wewe ni mtani wake, kuwa umekuja kumfariji, hadi sauti ikamkauka. Wamemvunja mkono akikukinga.

Tulikuzika Alhamisi. Watani walikuja wote, hakukosa hata mmoja. Nikatandaza koti lako juu ya mkeka karibu na jeneza, nikangoja mmoja wao alivae. Uani watu walikuwa wameinua simu. Yakobo alilitazama koti kwa muda mrefu, mkono umefungwa kitambaa shingoni, kisha akageuza uso. Wengine wakainama. Mtoto hamtanii baba yake, vinginevyo ningelivaa mimi.

Mtandaoni bado wananiuliza vipande vilivyobaki nitavirusha lini.

Umezikwa kimya, baba. Koti nimelirudisha kwenye msumari wake.

Mwanao,
Josephina