Siku ya Mapumziko ya Bhoke

Shikamoo dada Mwajuma,

Tarime kuna baridi na ugali wa wimbi. Nimefikia kwa mwalimu wa michezo. Mwanafunzi wake Bhoke hurusha mkuki, naye humhesabia: akifikisha mirusho ishirini, basi, kesho yake mkono unapumzika, usije ukaumia kabla ya mashindano ya mkoa.

Jana, siku ya kupumzika, nilimkuta Bhoke kwenye shamba la ujamaa akifukuza ndege wa mtama kwa mawe tangu alfajiri.

"Nani kakutuma?"

"Mwalimu. Amesema leo sirushi mkuki, kwa hiyo sina kazi."

Leo mkono wake haunyanyuki hata kumega ugali. Mwalimu anaapa kwamba jana Bhoke hakurusha kitu.

Nawe dada, ukipumzika, mchi uweke chini.

Mdogo wako,
Hamisi