Vyumba Sita vya Mutheu

Ruiru,
9 Machi 2025

Ndugu yangu Kang'ethe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kericho, wewe na wifi Shiko na mtoto, na kwamba kile kifua chako kimetulia sasa baridi imepungua. Sisi hapa miili iko sawa. Watoto wanasoma vizuri, na yule mkubwa ameanza kuvaa viatu vyangu bila kuniomba. Shemeji yako Bedan angekusalimu, lakini hajui kwamba ninakuandikia.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu mimi hudanganya vizuri, na wewe unanijua. Umeniuliza mara tatu mbona simu ya Maitu, mama yetu, haipatikani, nami mara tatu nikakwambia ni betri. Jibu lako liko humu ndani. Niruhusu nianzie mbali kidogo, maana nikianza na hilo sitaendelea.

Unaukumbuka mtaa wetu, nyumba moja kwa kila ploti, ua wa michongoma na lango kubwa la chuma. Mwaka jana kaunti ilileta pendekezo kwamba ploti za upande wetu, kutoka barabara ya Kimbo kuja ndani, ziruhusiwe kujengwa nyumba za gorofa nne za kupangisha. Afisa wa mipango alitueleza kwamba watu wanaofanya kazi Ruiru hawana pa kulala Ruiru. Mtaa uliwaka. Mzee Wanyoike, mwenyekiti wa chama chetu cha wakaaji, alipita nyumba kwa nyumba akisema mabomba ya maji taka yatapasuka, kisima kitakauka, na mtu wa gorofa ya nne atakuwa akiwatazama binti zetu wakianika nguo. Mengine yalikuwa kweli. Hata sasa maji yetu huja mara mbili kwa wiki. Lakini tulipobaki peke yetu, afisa akishaondoka, hakuna aliyetaja mabomba tena. Tulizungumza juu ya watu. Mimi ndiye katibu, na kuna maneno ambayo Wanyoike alinishika mkono nisiyaandike.

Upande wa pili alikuwa Mutheu peke yake. Ni muuguzi, mjane, na ploti yake inapakana na yetu kwa nyuma. Mumewe alipofariki alijenga vyumba sita vya mawe nyuma ya nyumba yake, bila kibali, akavipangisha. Waliokaa humo ni askari anayelinda lango letu, wasichana wawili wanaopika katika nyumba za mtaa huu huu, Sele fundi wa cherehani na mkewe Mishi na mtoto wao mchanga, vijana wa mjengo, na mama mmoja mzee wa kufua nguo. Mutheu alitaka pendekezo lipite ili vyumba vyake viwe halali. Siku moja alisema katika mkutano kwamba tunaitaka mikono ya watu hawa kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha tunataka wayeyuke.

Kuanzia wiki hiyo tulimtenga. Tulimtoa kwenye kundi letu la simu. Tulikata mfereji uliompelekea maji ya kisima, eti unarekebishwa. Akina mama waliokuwa wakimwamsha hata saa nane za usiku watoto wao wakishikwa na homa walipita karibu naye wakiangalia upande mwingine. Kisha Wanyoike akaamuru lango dogo walilopitia wapangaji wa Mutheu lifungwe, ili wazunguke kwa upande wa machimbo ya mawe. Yule askari ndiye aliyelifunga kwa mkono wake, na jioni alipomaliza zamu naye akazunguka.

Mkutano wa maoni ya wananchi ulifanyika Januari katika ukumbi wa kanisa. Wanyoike aliniomba niwe msemaji kwa sababu mimi ni mwalimu na nina sauti. Alisema watu huogopa kitu wakikiona, kwa hiyo niwaonyeshe. Nikawaonyesha. Nilisema nilishawahi kwenda mtaa wa mabanda wa Kiandutu na akina mama wa kanisa kugawa unga. Nikaeleza chumba kimoja cha mabati chenye watu sita na godoro moja. Nikaeleza ndoo iliyokaa nyuma ya pazia la leso kuukuu, na mama aliyeitoa alfajiri kwenda kuimwaga mtaroni kabla majirani hawajaamka, na watoto waliojifanya wamelala ili asione haya. Niliiga hata mwendo wake, bega moja chini, akitembea polepole isimwagike. Ukumbi wote ulicheka. Nikamalizia kwamba hayo ndiyo yanayokuja kukaa juu ya kuta zenu.

Unajua ni chumba kipi, Kang'ethe.

Mutheu akaomba mpangaji wake mmoja naye asikilizwe, na yule mama wa kufua akasimama nyuma kabisa, kitambaa kichwani, mikono imekunjamana kwa sabuni. Wanyoike hakumpa nafasi ya kuanza. Alimuuliza mbele ya watu wote yeye ni nani, na katika mtaa huu anamjua nani.

"Mimi ni mama wa kufua tu," akasema. "Namfulia Mwalimu, huyo ametoka kuongea saa hii. Ni mtu mzuri. Hajawahi kunidharau."

Kisha akaongeza kwamba aliyoyasema Mwalimu kuhusu Kiandutu ni kweli yote, hata pale pa ndoo. Watu wakacheka tena, nami nikacheka pamoja nao. Akaketi, na alichokuwa amekuja kukisema hakukisema.

Pendekezo likakataliwa kwa ploti za upande wetu. Chama kikaiandikia kaunti kwamba katika ploti ya Mutheu kuna majengo yasiyo na kibali, na baada ya notisi ya siku saba tingatinga likaja Jumanne asubuhi. Askari wetu ndiye aliyelifungulia lango. Mishi alitoka na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, Sele akabeba cherehani kichwani. Mutheu alisimama kwenye veranda na sare yake ya kazi hadi ukuta wa mwisho ulipolala, kisha akaenda zamu. Wanyoike aliwapelekea wafanyakazi wa kaunti chai.

Sasa nimefika. Yule mama wa kufua ni Maitu.

Nilipoolewa tuliwaambia watu wa Bedan kwamba alishakufa. Wewe ulikuwepo. Mjomba Githae alisimama mahali pa wazazi, nawe ukanyamaza, na Maitu mwenyewe alisema kama kufa kwake kutanipa nyumba, basi na afe. Umekuwa ukiamini kwamba namlipia chumba kizuri Thika. Ukweli ni kwamba miaka miwili iliyopita alijitafutia chumba kwa Mutheu ili awe akisikia sauti za wajukuu wake kupitia ukutani. Halafu Jumamosi moja akabisha langoni akiomba kazi. Bedan ndiye aliyemfungulia, akaja kuniuliza kama tunahitaji mtu wa kufua. Nikasema ndiyo. Tangu hapo anafua nguo za watoto wangu na kula kwenye ngazi ya jikoni. Wao humwita Shosho wa Nguo, bibi wa nguo, wasijue kwamba ni bibi yao kweli.

Barua iliyokwenda kaunti niliiandika na kuitia sahihi mimi. Notisi ilipokuja, Mutheu aliwaambia wapangaji kwamba amepata wakili na hakuna kitakachobomolewa. Mimi nilijua kitabomolewa, na siku yenyewe niliijua. Sikumwambia Maitu, kwa sababu angehama mapema na watu wangeuliza amejuaje. Tingatinga lilipokuja alikuwa kwa mteja upande wa pili wa Kimbo. Simu yake alikuwa ameiacha chini ya mto wa kulalia. Ndiyo maana haipatikani.

Sasa anakaa Witeithie, chumba kimoja na Sele na Mishi, na Jumamosi bado anakuja. Nimejaribu. Bedan akitoka, mimi humwomba Maitu aingie ndani aketi kwenye kiti, naye hunishukuru na kusema sakafu italowa. Hata tukiwa wawili tu ananiita Mwalimu. Jana nilimfuata kwenye kamba ya nguo nikamwita Maitu. Aligeuka kutazama nyuma yake, aone ni nani ninayemwita. Kisha akaniuliza kama zile nyeupe azirudishe kwenye sabuni.

Nakuomba uje umchukue. Ningeweza kuandika kwamba ni kwa sababu ya umri wake, au ya mgongo wake, nawe ungeniamini. Lakini wiki iliyopita tukiwa mezani binti yangu alisema Shosho wa Nguo ana pua kama ya mama. Bedan alicheka. Njoo kabla hajamtazama vizuri.

Msalimie wifi, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Barua hii ukishaisoma ichome.

Dada yako,
Kui